Tangi Lililovalishwa Kitambaa

Siku mliyoniaga mlinipa birika la umeme. Nawashukuru. Kwangu umeme haujafika, na mlilijua hilo kwa sababu wengi wenu mmekula ugali kwangu kwa mwanga wa taa ya sola, lakini nawashukuru. Nimeliweka kabatini, linapendeza. Zawadi ya pili ilikuwa kazi: niandike niliyoyaona tangu nilipoanza hadi nilipoondoka, ili ninyi mnaobaki msirudie makosa yangu. Mtayarudia tu, maana nawafahamu, ila angalau mtakapoyarudia mtajua ni ya nani. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Nitasema habari za maji ya moto, kwa kuwa ndiyo yaliyonipa jina. Kuanzia Kibondo hadi Kasulu hakuna anayenijua kwa jina la ubatizo. Mimi ni Mama Maji Moto, hata kanisani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Kibondo, na kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha akina mama kuchemsha maji. Sitanii. Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha mabomba, nimevaa ovaroli ya bluu iliyonizidi kila upande, nikasimamishwa mbele ya akina mama waliokuwa wakichemsha maji tangu kabla sijazaliwa. Mradi ulikuwa umeleta jiko banifu la udongo, lenye tundu la sufuria mbele na chungu cha maji kilichojengewa nyuma, ili moto ule ule unaoivisha maharage upashe na maji ya kuoga. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kuni chache, moshi mchache, muda mchache. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, na mama mmoja akauliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Wakatazamana kwa huruma, wakavuta vigoda, wakaanza kunifundisha mimi jinsi ya kuchemsha maji.

Nilijifunza mengi siku hiyo, na kwa ninyi mliotoka Dar na Morogoro acha niyaseme, maana hamtayakuta kwenye kabati la ofisi. Huku juu asubuhi kuna baridi. Mwezi wa sita ukungu unashuka hadi kwenye migomba na maji ya mtungini yanauma meno. Kwa hiyo maji ya moto kwa Muha si starehe, ni heshima. Mgeni akifika anapashiwa maji na kupelekewa bafuni kwenye ndoo. Mzazi aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto. Na mke mpya, akiamka, anapasha maji ya kunawa, anampelekea baba mkwe kwenye beseni, anapiga magoti na kumwamkia, "Mwakeye." Ukoo mzima ulioko ng'ambo ya bonde haumwoni akipiga magoti. Wanachoona ni moshi wa jiko lake ukipenya kwenye paa, na kwa moshi huo wanajua kama msichana ameamka au amelala. Mimi niliandika haya yote kwenye daftari, kisha nikayasahau kwa miaka mingi, na mtaona yalivyonigharimu.

Mambo ya jua nilifundishwa na Papa Kasongo, mkimbizi kutoka Kongo aliyekuwa fundi bati katika kambi ya Nyarugusu. Alikuwa na kibanda chake anachogongea makarai, vibatari na makopo ya kumwagilia mboga, na ofisi ilinituma kwake nikamwombe atutengenezee mabeseni. Nyuma ya kibanda nikakuta pipa lililopakwa rangi nyeusi, limelala ndani ya sanduku la mbao, pembeni limeshindiliwa maranda ya seremala na juu limefunikwa kioo cha dirisha. Nikadhani ni jeneza la mtu mnene. Papa Kasongo akafungua koki, akanijazia kikombe, na maji yaliyotoka yaliniunguza ulimi. Hakukuwa na moto mahali popote. Nilitafuta moto huo kila upande, mpaka chini ya sanduku nilichungulia, naye akiniangalia tu na kuendelea kugonga karai.

Niliomba ofisi iniruhusu kujifunza kwake, nikaenda kila wiki kwa muda mrefu. Alikuwa mwalimu mkali asiyepaza sauti. Kila chombo kwake kilikuwa na nafasi yake ukutani, na ukirudisha spana pasipo pake anaitoa, anakukabidhi tena, anakutazama mpaka ukumbuke. Pipa la kwanza nililofunga peke yangu lilitoa maji ya baridi siku tatu mfululizo, jua likiwaka la kukausha muhogo. Nikamwita. Akaweka sikio kwenye pipa, akapapasa mabomba kwa kiganja, juu na chini, akaomba chai. Alipomaliza chai ndipo aliposema.

"Mama, maji ya moto iko patron. Inapenda kukaa yulu. Ile ya baridi ndiyo inakaaka chini. Weye umemutobolea patron mulango ya chini. Hatashuka."

Nilikuwa nimeweka bomba la kutokea chini na la kuingilia juu. Maji ya moto yalikuwa yamekaa juu yanastarehe kama bosi, na sisi tunafungulia ya baridi. Nikageuza mabomba, na kuanzia siku hiyo sijawahi kukosea tena hilo. Nimekosea mengine.

Tulipoanza kuyapeleka matangi ya jua vijijini, maboss waliamini tatizo litakuwa kuwashawishi watu. Halikuwa hilo. Watu walishawishika haraka mno, kisha wakaanza kuwa na mawazo yao. Mzee Ruhaga wa kule Kibondo, mnywaji na mtengenezaji wa pombe ya ndizi, alikuwa wa kwanza kijijini kwake kuomba tangi. Nilifurahi, nikamsifu hadharani kama mtu wa maendeleo. Baada ya mwezi nilirudi kukagua, nikakuta maji ni ya uvuguvugu na sanduku linanukia vizuri ajabu. Nikafungua ubao wa pembeni. Maranda yote yametolewa, na mahali pake pamepangwa mikungu ya ndizi, imeiva kama iliyochorwa. Mnajua kwamba ndizi za pombe huvundikwa kwenye shimo lenye joto kwa siku kadhaa. Mzee Ruhaga alikuwa ameona kwamba sanduku langu linazidi shimo. Nilimuuliza anaoga nini. Akasema yeye haogi sana, lakini ndizi zinaiva kwa siku mbili, na anaomba niongeze sanduku la pili bila pipa, maana pipa linamlia nafasi. Katika ripoti niliandika kwamba mteja ameridhika.

Sasa nifike kwa Domitila, maana najua wengine mlikuwa mnasoma haraka haraka mfike hapo.

Domitila alikuwa binti wa Kibondo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakawa raia, wakalima na kuuza, wakasomesha watoto. Aliolewa na Elisha, mkulima wa kahawa katika kijiji kilichoko juu ya Kasulu, njia ya Munanila. Elisha alikuwa mwanaume mkubwa, mpole, mwenye neno moja tu, na neno hilo ni "sawa". Nyumba yao ilikuwa mteremkoni, na ya wazazi wa Elisha ilikuwa juu kidogo kwenye boma hilo hilo, kiasi kwamba mlango wa jiko la mama mkwe unatazama paa la jiko la mkwe. Mimi nilitafuta nyumba ya mfano kwa kijiji kizima, nikaichagua hiyo kwa sababu bafu lake lilikuwa na ukuta imara na jua linalipiga tangu asubuhi. Nilipima ukuta, nikapima jua. Mlango wa jiko la mama mkwe sikuupima.

Nilimwachia Domitila maelekezo niliyowapa wote: usiku lifunike kwa blanketi zito ili joto lisipotee, asubuhi jua likitoka lifunue. Akayashika bila kosa. Mwezi mzima akawa anaamka kukiwa bado na ukungu, anafungua koki, anakinga beseni, anapanda mteremko, anapiga magoti kwa baba mkwe. Baba Elisha ananawa, anajifuta, anashukuru. Uji Domitila aliupika baadaye kwa vijiti viwili, maana maji yaliingia sufuriani yakiwa tayari yana joto, na moshi wake uliisha kabla hata haujapata njia ya kutokea.

Mama Elisha ndiye mama mkwe mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa jiko lake akitazama chini, na kila asubuhi paa la Domitila lilikuwa tupu. Kisha beseni linapanda. Anachovya kidole, maji ni ya moto. Akamuuliza Domitila nani ameyapasha. Domitila akasema jua. Mama Elisha akauliza jua lipi, mbona halijatoka.

Hapo ukawa mjadala wa boma zima, kisha wa kijiji. Wengine walisema msichana anaazima maji ya moto kwa jirani kama watu wanavyoazima chumvi. Wengine walisema mambo mabaya zaidi, na mtu wa kanisa hapaswi kuyarudia. Mama Elisha mwenyewe hakusema uchawi hata mara moja, nampa haki yake. Alisema mke asiyewasha moto asubuhi si mke, ni mgeni, na mgeni huwa anarudi kwao. Akaita wazee wa ukoo. Domitila akanipigia simu analia. Aliniambia, "Mama, wananirudisha Kibondo. Na mimi Elisha nampenda."

Nikapanda pikipiki siku hiyo hiyo na mfuko wangu wa spana, kana kwamba ndoa inakazwa kwa spana. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu, maana tangi lile nililileta mimi. Nikamkuta Mama Elisha anachambua maharage. Nikamsalimia sawasawa, tukapigiana makofi ya salamu, tukaulizana watu wote hadi ng'ombe, kisha nikaanza kumweleza habari za patron na mlango wa juu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana swali moja tu.

"Maji anayonawa mume wangu asubuhi yalipata moto lini?"

Mimi ni mtu mkweli, na ndiyo kasoro yangu kubwa. Nikasema yalipata moto jana mchana.

"Kwa hiyo ni maji ya jana."

Nikasema ni ya jana, mama, lakini. Akasema yeye hakuuliza lakini. Akarudi kwenye maharage. Nilikuwa nimekuja kumtetea Domitila, nami nikawa nimetoa ushahidi kwamba kwa mwezi mzima anamnawisha baba mkwe kwa kiporo.

Kesi ilipangwa Jumamosi. Aliyeongoza alikuwa Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, mtu wa haki na wa haraka, kwa sababu alikuwa na vikao vingi. Alikuja mapema kusikiliza pande zote, akatoa utaratibu: Jumamosi watu wote watakusanyika kwa Elisha, koki isiyoguswa tangu Alhamisi itafunguliwa mbele yao, hakuna moto utakaowashwa boma zima tangu alfajiri. Maji yakitoka ya moto, msichana ni mkweli na anabaki. Yakitoka ya baridi, atafunga mizigo yake na kurudishwa kwao. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Vijana wangu, msikubali kamwe kabla mtu hajamaliza sentensi.

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi. Anga ilikuwa safi, nikawa natembea kwa maringo. Sebuleni kwa Domitila kulikuwa kumepambwa hasa. Kama mnavyojua, nyumba za huku zikipokea wageni kila kitu kinavaa. Kochi lina vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ina chake, mtungi una chake, hata kalenda ukutani ilikuwa na pindo. Domitila alikuwa fundi wa kufuma asiye na mpinzani. Nikakalishwa kwenye kochi kama mgeni rasmi, nikaletewa chai iliyokuwa kwenye chupa tangu jana, maana moto ulikatazwa. Tangi lenyewe lilikuwa nyuma ya bafu, upande wa jua, na kutoka nilipokaa halikuonekana.

Mzee Barnaba hakutaka chai. Alisema ana darasa la ubatizo mchana, twende moja kwa moja. Watu wakazunguka bafu. Akaingiza mkono chini ya koki, akafungua. Akauacha mkono pale kwa muda. Akageuza upande wa pili wa mkono. Kisha akafunga koki, akajifuta kwenye suruali, akasema kwa upole kwamba haya ni maji ya kawaida.

Sikumbuki nilivyofika nyuma ya bafu. Nakumbuka nilichokiona. Tangi lilikuwa limevaa. Lilikuwa limevalishwa kitambaa cha kufuma cheupe kutoka juu hadi chini, chenye maua ya waridi kwenye kona nne, pindo la mawimbi kuzunguka, na katikati, kwa uzi mwekundu, maneno KARIBUNI WAGENI. Chini yake, ili kitambaa kikae vizuri kisiparuzwe na mbao, lilikuwa limetandikwa lile blanketi la usiku. Domitila alinifuata, akasimama pembeni yangu. Akasema amelipendezesha kwa ajili ya wageni, alifuma tangu kesi ilipopangwa, akalivalisha tangu Alhamisi asubuhi. Nilimtazama. Naye akanitazama usoni, na nikaona anaelewa, kidogo kidogo, mpaka akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Sikuweza kumgombeza. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na niliogopa kuanza na kimoja. Kosa lilikuwa langu. Katika mwongozo wetu niliouandika kwa mkono wangu, kuna ukurasa wa kutu, ukurasa wa nyuki, ukurasa wa mbuzi kupanda juu ya kioo. Hakuna mstari hata mmoja unaosema tangi lisivalishwe wageni wakija. Na mimi nimezeeka huku, nina kitambaa juu ya televisheni isiyowaka. Ongezeni ukurasa huo, tafadhali, na muweke picha.

Nikarudi mbele ya watu nikasema ukweli: tangi limefunikwa macho siku mbili, halijaona jua. Mtu mmoja akauliza nani alilifunika. Domitila akasema ni yeye. Akaeleza habari za maua ya waridi. Wanawake waliokuja kushuhudia wakaenda nyuma kukiangalia kitambaa, wakarudi wakinong'onezana kuhusu lile pindo la mawimbi, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu hata Mama Elisha alikwenda. Alirudi akasema pindo ni zuri lakini maji ni ya baridi, na utaratibu ni utaratibu. Nikamwomba Mzee Barnaba anipe hadi saa kumi. Akafikiri darasa la ubatizo. Akasema wanafunzi wa ubatizo wanaweza kusubiri, msichana akisharudishwa kwao harudi kirahisi.

Saa sita zile zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Tulilivua tangi nguo. Kila aliyechelewa kufika nilimsalimia kwa ukamilifu, kwa makofi, kwa habari za shamba na za mwaka jana, nikipoteza muda kwa makusudi, mpaka watu wakaanza kunikwepa. Elisha alitaka kusaidia, akachukua kitambaa akawa anafuta kioo bila kupumzika, na kwa ukubwa wake akawa anatia kivuli tangi zima. Nikamwambia akae. Akasema sawa, akakaa juu ya bomba. Baba Elisha, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani kuwasha kamoto kadogo chini ya tangi, siyo kwa ubaya, kulisaidia jua tu. Nilimuuliza kama anataka mkwe abaki. Akasema ndiyo, huyu binti anamletea maji kabla miguu haijapoa. Nikamsihi avumilie.

Saa saba wingu likatoka upande wa Burundi. Watu wazima arobaini hivi walilitazama wingu hilo, wengine wakilitaka lije na wengine wakilitaka lipite, na Mzee Barnaba akasali kwa maneno ya katikati. Likapita. Domitila alikuwa amekaa kwenye mkeka, mizigo yake tayari imefungwa kwenye kitenge kando yake, na hakuinua macho. Nilikuwa nimefunga matangi mengi maishani, na sikuwahi kuogopa kama siku ile.

Saa kumi Mzee Barnaba akainuka akakunja mkono wa shati. Mama Elisha akamzuia. Akasema mkono wa mwanaume unadanganyika, na wake yeye mwenyewe ndio hovyo zaidi, umeshika masufuria ya moto bila kitambaa hadi umekufa ganzi. Akasema yeye ndiye mlalamikaji na yeye ndiye atakayepima, na hatapima kwa mkono. Ataoga. Akaomba kanga, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Tukasikia koki ikifunguliwa. Koki ikafungwa. Ikafunguliwa tena, safari hii kwa nguvu. Mzee Barnaba akauliza kwa sauti kama kuna tatizo. Kisha tukasikia wimbo wa kanisani, ule wenye beti nyingi ambao hata kwaya huukatisha katikati. Mama Elisha aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akaendelea. Kwenye ubeti wa tano Mzee Barnaba akashindwa kujizuia, akaanza kumwitikia kwa sauti ya besi. Tulikaa pale nje ya bafu wote tukiitikia, ukoo mzima, kesi mkononi, mpaka koki ilipokohoa na maji yakaisha.

Akatoka. Ngozi yake iliyokuwa kavu ilikuwa inang'aa, na mvuke ulimtoka mabegani. Watu wakasimama. Kiti chake kilikuwa mbele, karibu na cha Mzee Barnaba, lakini hakukiendea. Akaenda kukaa kwenye mkeka, kando ya Domitila. Mzee Barnaba akamuuliza maji yalikuwaje. Alipojibu hakumtazama yeye, alimtazama mumewe.

"Nilipoolewa nilimpashia maji baba yako. Nikakupashia wewe. Nikawapashia watoto saba, na wageni wote mnaowajua. Mimi nilioga yale yaliyobaki, yakiwa yameshapoa. Leo ni mara ya kwanza maji ya moto yananiishia mimi."

Baba Elisha alitazama viatu vyake. Akina mama wengi walikuwa wanatazama viatu vya waume zao. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyaficha, kwa sababu nilikuwa nimezunguka wilaya hizi miaka yote nikihubiri kuni na moshi, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza mwanamke yeyote yeye anaoga saa ngapi.

Mzee Barnaba akakohoa, akauliza basi kesi aiamue vipi. Mama Elisha mwenyewe akafungua fundo la kitenge cha Domitila, akaanza kumrudishia vitu vyake kimoja kimoja. Akasema mkwe wake haendi popote, anayehama ni yeye. Atalala hapa kwa Domitila mpaka fundi huyu, akaninyooshea kidole, atakapomfungia la kwake. Domitila alifurahi kwa muda mfupi sana, kisha akaelewa sentensi yote, akanigeukia kwa macho ya mtu anayezama. Elisha akasema sawa.

Tangi la Mama Elisha ndilo la mwisho nililofunga kwa mikono yangu kabla ya kuwaaga, na sijawahi kufunga tangi kwa kasi ile. Domitila alinipigia simu kila asubuhi kuniuliza nimefikia wapi. Nilipomaliza niliacha likae na jua siku mbili, nikarudi asubuhi kukagua kama ada. Kulikuwa na ukungu. Mlango wa bafu la Mama Elisha umefungwa, ndani anaimba mwenyewe, na nje, kwenye baridi, amesimama Baba Elisha, taulo begani. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa ajili ya ripoti yangu kama maji yanamridhisha. Akasema hajajua bado, yeye ni wa tatu: la kule chini mama alishalimaliza jana, na Domitila ameshawahi foleni.